Kiwanda kilifungwa na mishahara yetu ya miezi mitano: tuanzie wapi?

Mpakiaji wa Obunga

Habari zenu wadau. Naomba mwenye kujua mambo ya leba na mahakama anisaidie, na tafadhali kwa lugha ya kawaida, kwa sababu nimeshachoka kusomewa vifungu.

Nilikuwa mpakiaji katika kiwanda kimoja cha mikate hapa Kisumu, eneo la viwanda. Niliingia Machi 2018 kama kibarua, na mwaka huo huo nikaandikwa kwa mwezi. Mpaka tunafungiwa nilikuwa nasimamia zamu ya usiku upande wa kupakia, mshahara shilingi 17,000. Kuanzia Mei 2024 mshahara haukuja. Mhasibu alisema unga umepanda, maduka hayajalipa, tuvumilie. Tukavumilia. Mikate ilitoka kila alfajiri, gari linajazwa linaondoka, na sisi tunarudi nyumbani mikono mitupu. Mwisho wa Septemba tulikuta lango limetiwa kufuli mpya na askari wa kampuni tusiyoijua amesimama pale. Hakuna barua, hakuna tangazo, hakuna mtu wa ofisini anayeshika simu.

Sasa nauza omena na mandazi. Siku ikiwa mbaya sifikishi hata mia tatu. Wakili niliyemwendea mjini alitaka elfu thelathini za kufungua faili kabla hajasoma karatasi hata moja.

Kuna jambo linaniuma kuliko mshahara wenyewe, nalo ni NSSF. Nilienda Huduma Center kuomba taarifa ya michango, nikakuta imesimama Novemba 2023. Lakini karatasi zangu za mshahara za Desemba mpaka Aprili zinaonyesha nimekatwa kila mwezi. Hiyo pesa ilitoka kwangu na haikufika popote. Nataka kujua ilienda wapi na nani atajibu.

Ushahidi nilio nao: barua ya kuajiriwa sikupewa kamwe. Nina beji yenye picha, karatasi chache za mshahara, taarifa ya benki, na daftari la zamu. Hilo daftari ni kaunta buku ya jalada gumu. Kila usiku niliandika tarehe, majina ya waliofika, kreti ngapi zimetoka, mikate mingapi imeungua au imepasuka, halafu dereva anatia sahihi akipokea na msimamizi wa uokaji anatia yake. Ofisi ilipoacha kutupa madaftari nilinunua mwenyewe, ndiyo sababu madaftari ya mwisho yalibaki kwangu. Kurasa zina alama za vidole vya mafuta ya kupaka trei, lakini maandishi yanasomeka yote.

Swali langu ni hili: kampuni ikishakufa, na deni limekufa? Tuko zaidi ya ishirini tunaowasiliana. Wengine wanasema tumwachie Mungu. Mimi Mungu namwomba kila siku, lakini pesa hii nitaidai.


Boda wa Kondele

Pole sana dada. Nendeni Mahakama ya Madai Madogo. Pale huhitaji wakili na kesi inaamuliwa ndani ya siku 60. Ama mjipange mwende nyumbani kwa mkurugenzi, si anajulikana anakaa wapi? Mtu akikaliwa langoni na watu ishirini atatoa.


Mzee wa Shabab

Mama, pole kwa yaliyokukuta. Mimi niko Nakuru. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha nguo ambacho nacho kilifungwa, na haya mambo tuliyapitia hatua kwa hatua. Kijana wa Kondele ana nia nzuri, lakini ushauri wake wote wawili uwekeni kando.

Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ni kweli, na ni ya haraka. Lakini sheria yake ya 2016 inakataza waziwazi kesi za ajira. Ukipeleka itatupwa nje na utakuwa umepoteza muda. Ninyi mahakama yenu ni ya hakimu, ya kawaida kabisa. Tangu 2018 mahakimu walioidhinishwa wanasikiliza kesi za ajira za mtu ambaye mshahara wake hauzidi 80,000 kwa mwezi. Huhitaji kuanzia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ingawa nayo iko hapo hapo Kisumu.

Na nyumbani kwa mtu msiende. Mkishaitiwa polisi, ninyi ndio mtakuwa na kesi. Isitoshe, huenda yule mkurugenzi kisheria si yeye anayewadai… nisahihishe hapo, si yeye mnayemdai.

Hilo ndilo jambo la kwanza kabisa: mjue mnamdai nani. Chukua ile karatasi ya mshahara usome jina lililoandikwa juu, herufi kwa herufi. Kama linaishia na Limited, hiyo ni kampuni, na mbele ya sheria kampuni ni mtu mwenyewe, mwenye madeni yake na mali yake. Wakurugenzi hawalipi kutoka mfukoni mwao isipokuwa mahakama ikiona ulaghai. Lakini kama ni jina la biashara tu, mwenye biashara ndiye mdaiwa, yeye na nyumba yake na gari lake. Hapa Nakuru nawajua wafanyakazi wa hoteli moja walioshtaki jina lililokuwa kwenye bango la barabarani. Hakimu akauliza huyo ni nani, hakuna aliyejua kujibu. Bango lilisema moja na usajili ulisema lingine.

Unatafuta kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, upande wa usajili wa biashara. Kwa kampuni unaomba hati inayoitwa CR12. Itakuonyesha wakurugenzi ni akina nani, ofisi iliyosajiliwa iko wapi, na kama mali imewekwa rehani. Changeni ninyi ishirini, haitawaumiza.

Jambo la pili ni muda, na hapa ndipo nimeona watu wakilia. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miaka mitatu kufungua kesi. Usihesabu kuanzia siku ya kufuli. Hesabu kuanzia mshahara wa kwanza uliokosa, yaani ule wa Mei 2024. Ukifika Juni 2027 hujafungua kesi, wakili wa upande wa pili atasema mwezi ule umeshapita, na mahakama haina uwezo wa kukuongezea hata siku moja. Ofisi ya leba nendeni, tena mwende mapema, haitozi pesa. Lakini mazungumzo ya leba hayasimamishi hiyo miaka mitatu. Sisi tuliitwa mikutano, tukaahidiwa, tukaandikiana barua, na wenzetu kadhaa walikuja kushtuka muda umekwisha huku wakidhani faili la leba ndiyo kesi.

Leba nendeni mkiwa wengi, na kila mtu na hesabu yake. Afisa ataandika barua ya wito. Kiwanda kimefungwa, kwa hiyo barua iende kwa wakurugenzi kwenye anwani za ile CR12. Mwombe pia awapigie hesabu ya haki zenu zote, kwa sababu mishahara mitano si deni lote. Kufungiwa lango bila notisi ni kupunguzwa kazi kinyume cha utaratibu. Mwajiri alitakiwa kuwapa notisi ya mwezi mmoja, ninyi na afisa wa leba, na kuwalipa fidia ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mliokamilisha.


Mpakiaji wa Obunga

Mzee wangu, asante sana. Hili la Mei 2024 hakuna aliyewahi kutuambia, hata yule wakili. Naenda kutafuta jina kesho.

Daftari langu lina thamani yoyote, au hakimu ataona ni maandishi yangu tu?


Msaidizi wa Sheria, Kakamega

Dada wa Obunga, hilo daftari lifunge kwenye nailoni uliweke pakavu. Usilitoe kwa mtu yeyote, hata afisa wa leba mpe nakala. Nieleze kwa nini.

Wewe huna barua ya kuajiriwa, na watu wengi wanadhani hapo wameshashindwa. Ni kinyume. Kuandika mkataba ni kazi ya mwajiri, na kutunza rekodi za wafanyakazi ni kazi ya mwajiri. Asipouleta huo mkataba mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Wewe unachotakiwa ni kuonyesha kwamba ulikuwa pale ukifanya kazi. Taarifa ya benki inaonyesha mshahara ulikuwa ukiingia kila mwezi halafu ukakoma. Taarifa ya NSSF ina jina la mwajiri, hiyo haikataliki. Kisha daftari linaonyesha kwamba baada ya mshahara kukoma kazi iliendelea, usiku kwa usiku, na sahihi za watu wengine wawili zipo. Yule dereva mtafuteni. Akikubali kusimama aseme "sahihi hii ni yangu, kreti hizi nilizibeba mimi," hakimu hatakuwa na swali.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, kama deni hufa na kampuni. Inategemea kampuni imekufa kwa namna gani, na watu huchanganya.

Namna ya kwanza ni lango kufungwa tu. Wenyewe wametoweka, lakini kwenye rejista kampuni bado ipo. Hapo unaishtaki kama kawaida, hata kama hakuna mtu ndani. Hati zinapelekwa kwenye ofisi iliyosajiliwa, na ikishindikana unaomba ruhusa ya mahakama uzipeleke kwa njia nyingine, kama tangazo la gazeti. Wasipojitokeza kesi inasikilizwa bila wao.

Namna ya pili, benki au mdai mkubwa ameweka mrasimu (receiver), yaani mtu wa kushika mali ili deni lake lilipwe, au msimamizi (administrator). Huku kwetu Kakamega lugha hiyo tulijifunza Mumias Sugar ilipowekwa chini ya mrasimu na benki ya KCB mwaka 2019. Hapo mwenye funguo ni yule aliyeteuliwa, na madai yako unampelekea yeye kwa maandishi. Akiwa ni msimamizi aliyewekwa chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, kesi huwezi kufungua bila idhini yake au ya mahakama.

Namna ya tatu ni ufilisi wenyewe, mahakama imeamuru kampuni ifungwe na mfilisi ameteuliwa. Matangazo yake hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa na husomwa bure kwenye intaneti. Hapo usikimbilie kwa hakimu, kwa sababu kesi haianzi wala kuendelea bila ruhusa ya Mahakama Kuu. Unajaza fomu ya kuthibitisha deni na kuipeleka kwa mfilisi pamoja na nakala za ushahidi. Haihitaji wakili.

Na katika ufilisi mfanyakazi hayuko mwisho wa foleni. Zikishatolewa gharama za ufilisi, mishahara ya miezi minne kabla ya ufilisi kuanza, pesa za likizo na fidia ya kupunguzwa kazi vinalipwa mapema, kwa kila mtu mpaka kikomo cha 200,000. Makato yaliyokatwa kwenye mshahara na hayakupelekwa yanakopaswa nayo yamo kwenye kundi hilo hilo. Kinachotangulia ni mali ambayo benki ilikuwa na rehani juu yake moja kwa moja, kama kiwanja. Ndiyo maana CR12 ni muhimu kuisoma mpaka chini.

Kuhusu NSSF, usiyachanganye na madai ya mshahara. Andika malalamiko kwa ofisi ya NSSF, uambatishe karatasi za mshahara zenye makato na taarifa inayoonyesha pengo. Wao wenyewe wana nguvu ya kumfuata mwajiri. Kumkata mfanyakazi na kutopeleka ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Ajira. Watu wengi huacha hili kwa sababu ni pesa kidogo kwa mwezi, na nafurahi kwamba wewe umelishikilia.


Boda wa Kondele

Hilo la Madai Madogo sikulijua, asante mzee. Huyo dereva nafikiri namjua, siku hizi anaendesha probox ya Ahero. Dada nitafute pale stejini, nitamuuliza kwanza kama yuko radhi.


Mpakiaji wa Obunga

Wadau, nimerudi na majibu.

Ni kampuni, ina Limited. Wakurugenzi wawili, mmoja ni yule tuliyemjua na mwingine hatujawahi kumwona. Kwenye rejista bado iko hai. Nimepitia matoleo ya Gazeti Rasmi pamoja na kijana wa saiba, hatukuona tangazo la ufilisi wala la mrasimu. Chini ya hati imeandikwa kwamba benki ina rehani. Askari wa langoni alituambia oveni kubwa zilitolewa usiku na lori, lakini mashine ya kukanda na ya kukata mikate bado ziko ndani.

Leba tumeenda kumi na wanne. Afisa alitusikiliza vizuri, Mungu ambariki, akaandika wito kwa wakurugenzi wote wawili. Hesabu yangu aliipiga hivi: mishahara mitano 85,000, notisi ya mwezi 17,000, likizo ya mwaka mmoja ambayo sikupewa 11,900, na fidia ya nusu mshahara kwa kila mwaka wa ile sita niliyokamilisha, 51,000. Jumla 164,900. Niliposikia hiyo namba nilishindwa kusema kitu. Miaka yote pale nilidhani nadai mishahara tu.

Nina maswali matatu. Wenzetu sita walikuwa vibarua mpaka mwisho, wanalipwa kwa usiku, na afisa alisita juu yao. Pili, kama wakurugenzi hawaji, tunaingiaje kortini bila pesa ya wakili? Tatu, yule mkandaji wetu wa unga alifariki Februari. Mjane wake ana watoto wanne na hajui kama anaweza kudai.


Mzee wa Shabab

Hongera mama, mmetembea vizuri.

Vibarua wasiachwe nyuma. Mtu akifanya kazi ya kibarua mfululizo na siku zikajumlika kufikia mwezi au zaidi, sheria inamchukulia kama mwajiriwa wa mwezi. Kilichobaki ni kuonyesha siku zenyewe, na mama, majina yao yako kwenye daftari lako. Kaeni chini, kila mmoja ahesabu usiku wake kutoka kwenye zile kurasa, aandike kwenye karatasi yake. Mpelekeeni afisa ile hesabu na mmwombe awatazame upya.

Mashine zilizobaki ni jambo la haraka. Zikitoka na lori lingine, mtashinda kesi na msipate cha kukamata. Wito wa leba ukipita bila mtu kuja, fungueni kesi mara moja na siku hiyo hiyo muombe amri ya kuzuia mali isiondolewe. Pelekeni maneno ya askari kwa hati ya kiapo kama atakubali. Benki kama ina rehani juu ya mashine itajitokeza iseme, na hapo angalau mtajua ukweli ni upi.


Msaidizi wa Sheria, Kakamega

Niongeze kwenye swali la pesa. Hamhitaji kesi ishirini. Mmoja anaweza kushtaki kwa niaba ya wenzake, mradi kila mmoja atie sahihi barua ya kumruhusu na hesabu ya kila mtu ionyeshwe peke yake. Mwenye kushindwa kabisa ada ya mahakama anaweza kuomba kushtaki kama mtu asiye na uwezo, chini ya Amri ya 33 ya Kanuni za Mashauri ya Madai. Unaeleza kwa kiapo kipato chako na mali yako, na mahakama inaamua. Kabla ya hapo, ulizeni msaada wa serikali ulioanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na pia Kituo cha Sheria, ambao kesi za wafanyakazi ni sehemu ya kazi yao kwa miaka mingi. Mkienda na faili lililopangwa kama mlivyolipanga, mtasikilizwa upesi kuliko mtu anayekuja na hadithi mdomoni.

Mjane wa mkandaji, mpe pole zangu. Deni la marehemu ni mali yake na linabaki kwa waliobaki nyuma, lakini hawezi kudai kwa sababu tu ni mke. Anahitaji kibali cha mahakama cha kusimamia mali ya marehemu. Kama haraka ni ya kesi hii tu, upo uwezekano wa kuomba kibali chenye mipaka, cha kufungua kesi peke yake. Aanze na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, hata wale ambao familia haielewani nao, kwa sababu jina likiachwa ndipo pingamizi huanzia. Muda wake nao unahesabiwa kuanzia Mei 2024 kama wenu. Jina lake liandikeni kwenye orodha ya leba sasa hivi, na mtu mmoja wenu aende naye kwa chifu.


Mpakiaji wa Obunga

Nitaenda naye mimi, chifu wetu ni mmoja. Mzee wa Shabab, ile hati ya kiapo ya askari inaandikwa wapi na kwa bei gani? Amesema atakubali ikiwa haitachukua siku yake nzima.


Mzee wa Shabab

Kwa kamishna wa viapo, wako karibu na mahakama yoyote. Mwandike maneno yake nyumbani kwa Kiswahili kizuri, tarehe ya lori, saa, na kilichobebwa, halafu aende na kitambulisho asubuhi kabla ya zamu. Bei waulizeni wawili au watatu kabla ya kukubali. Na mwambie asiandike alichosikia kwa wengine, aandike alichokiona kwa macho yake tu.